Hotuba za wanadiplomasia na vipaumbele vya maendeleo: usome mwenyewe, uhesabu maneno au uiachie kompyuta itafute mada?

Kama unaandika tasnifu, ripoti ya shirika au makala kuhusu maendeleo ya kimataifa na umeamua kutumia hotuba za viongozi, nadhani najua ulipokwama, maana ndipo wanapokwama karibu wote wanaonifuata hapa Arusha na wale wa Moshi wanaonitumia meseji: hotuba ninazo tayari, zimejaa kwenye laptopu, sasa nazifanyaje? Nizisome moja moja na kalamu mkononi? Nihesabu maneno? Au hii habari ya kompyuta kutafuta mada yenyewe, ambayo siku hizi kila semina wanaitaja?

Kabla ya kulinganisha, niseme kwanza kwa nini hotuba zinastahili jasho lako. Kila mwezi wa tisa viongozi wanaenda New York kwenye mjadala mkuu wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Brazil inaanza kwa desturi, Marekani inafuata kama mwenyeji, kisha wengine wote, na kila mmoja anaombwa asizidi kama dakika 15. Burundi inasimama kwenye jukwaa lilelile alilosimama Marekani. Pale hakuna azimio linalopigiwa kura kwa hiyo nchi inajipangia yenyewe iseme nini na iache nini. Ukichukua kura za Baraza Kuu ndo uone tofauti, azimio linakuwa limeshaandikwa na kujadiliwa, mengi yanapita hata bila kura, we unabaki na ndiyo, hapana na kutokuwa upande wowote. Hotuba inakupa kitu ambacho kura haikupi: nchi imeanza na nini, imetumia aya ngapi kwenye deni, na tabianchi imeitaja kwa moyo au kwa adabu tu. Na kwa nchi zetu ambazo habari zake za maendeleo mara nyingi zinaandikwa na wafadhili, mimi naona hili ni jambo kubwa sana, hapa ni sisi tunaoongea kwa kinywa chetu.

Data yenyewe ipo bure. Mwaka 2017 watafiti Alexander Baturo, Niheer Dasandi na Slava Mikhaylov walitoa mkusanyiko wa hotuba hizo kuanzia 1970, baadaye ukarudishwa nyuma mpaka 1946, na sasa zimepita hotuba 10,000. Unaipata kwenye hazina ya data ya Harvard inayoitwa Dataverse. Kila hotuba ni faili moja la maandishi matupu na jina lake linajieleza: TZA_70_2015.txt ni Tanzania, kikao cha 70, mwaka 2015. Ukitaka namba ya kikao toa 1945 kwenye mwaka, basi. Ila New York siyo chanzo pekee, na hili watu wa Arusha tunalisahau wakati tunapita mbele ya makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kila siku. Bunge la Afrika Mashariki lina Hansadi, kuna hotuba ya bajeti ya Jumuiya, kuna matamko ya wakuu wa nchi. Na Dodoma kila mwaka waziri wa mambo ya nje anasoma hotuba ya bajeti ya wizara yake, kwa Kiswahili, ndefu, imejaa vipaumbele. Huo wote ni mgodi.

Sasa vigezo. Kila njia nitaipima kwa mambo haya haya: inajibu swali la aina gani, inafaa hotuba ngapi, inakula muda na vifaa gani, inashughulika vipi na lugha, inadanganya wapi na unaithibitishaje, halafu inamfaa nani. Usianze na programu, anza na hicho kigezo cha kwanza. Nimeona mtu anajifunza programu miezi halafu anagundua swali lake halikuhitaji programu hiyo, inaumiza.

Njia ya kwanza: kusoma mwenyewe na kuweka alama

Hii ni ile ya zamani, unaandaa daftari la alama, mfano deni, biashara, misaada, afya, elimu, tabianchi, amani, mageuzi ya Umoja wa Mataifa, halafu unasoma hotuba aya kwa aya na kila aya unaipa alama yake.

Swali inalojibu vizuri ni lile la "kwa namna gani" na "kwa hoja gani". Ukitaka kujua Tanzania ilikuwa inaliongeleaje deni, kama kosa la mkopaji au kama dhuluma ya mfumo wa uchumi wa dunia, hakuna njia nyingine itakayokupa jibu safi kama macho yako. Wingi: makumi ya hotuba, labda mia na kidogo. Piga hesabu ndogo, Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia 2000 mpaka 2023 ni hotuba 72 hivi kama kila nchi imehutubia kila mwaka. Ukitenga saa moja kwa kila hotuba hiyo ni kazi ya wiki mbili hivi ukikaza, inawezekana kabisa. Ukitaka Afrika nzima tangu 1970 hapo mwenzangu sahau, au tafuta timu.

Vifaa ni vidogo. Eksel inatosha, au kuna programu ya bure inaitwa Taguette, na hata ukiprinti ukakaa na kalamu za rangi bado ni utafiti halali. Umeme ukikatika unaendelea na karatasi.

Lugha haikusumbui, na hapa njia hii inazishinda zote. Hotuba ya bajeti ya Dodoma kwa Kiswahili unaisoma kama ilivyo, unaelewa kijembe, unaelewa methali, unaelewa pale kiongozi anapotaja jambo kwa heshima bila kulimaanisha sana. Kompyuta hapo inapita tu.

Inapodanganya ni kwako wewe msomaji. Chukua sentensi ya aina ya "hakuna maendeleo bila amani", utaikuta kwa nchi nyingi sana. Hiyo unaipa alama ya amani au ya maendeleo? Leo asubuhi utaipa amani, kesho jioni umechoka utaipa maendeleo, na hotuba zako za mwisho zitakuwa zimepimwa kwa kipimo tofauti na za mwanzo bila wewe kujua. Dawa ni mbili. Kwanza andika sheria ya kila alama kabla hujaanza, mfano: kama aya inaomba askari au usuluhishi ni amani, kama inaomba fedha au soko ni maendeleo, kama vyote viwili basi alama zote mbili. Pili mpe mtu mwingine sehemu ya hotuba hizo aziwekee alama bila kuona zako, halafu pima mmekubaliana kiasi gani. Wengi wanatumia kipimo cha Krippendorff, alfa, ambapo kawaida watu wanataka 0.80 kwenda juu na chini ya 0.667 unaambiwa rudi ukatengeneze daftari lako la alama upya. Hatua hii watu wanairuka kwa uvivu na ndiyo inayowaangusha kwenye utetezi.

Inamfaa nani? Mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili mwenye nchi chache, mtu wa historia au sheria, mtafiti anayetaka hoja na sauti kuliko grafu.

Njia ya pili: kuhesabu maneno

Hapa unatengeneza orodha ya maneno ya kila kipaumbele, kompyuta inayahesabu kwenye hotuba zote, unalinganisha nchi kwa nchi na mwaka kwa mwaka. AntConc ni ya bure, ni nyepesi, ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji bando. Ukiwa unajua R, ile lugha ya bure ya kuandikia programu za takwimu, kuna kifurushi chake kinaitwa quanteda.

Swali inalojibu ni "mara ngapi" na "lini". Tabianchi ilianza kupanda lini kwenye hotuba za Afrika Mashariki? Nani anataja deni zaidi, nchi za bara au za visiwa? Wingi haijali, hotuba kumi au elfu kumi kwake sawa. Muda ni mdogo sana, siku moja una jedwali, na ukimpa mwingine orodha yako ya maneno atapata namba zilezile, hiyo ni nguvu kubwa kwenye kurudia kazi.

Lakini hapa ndo panahitaji macho makali kuliko sehemu nyingine yoyote ya makala hii, kwa sababu namba ikishatoka inaonekana safi na hakuna anayeiuliza swali.

Chukua neno "development" kwenye hotuba za Kiingereza. Unafikiri unahesabu hamu ya maendeleo. Sasa Tanzania ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na jina kamili la jumuiya hiyo kwa Kiingereza (Southern African Development Community) lina hilo neno ndani yake. Rais anaongelea askari wa kulinda amani mashariki ya Kongo, anaitaja SADC kwa jina lake refu mara kadhaa, na mashine yako inaandika kwamba Tanzania mwaka huo ilijali maendeleo sana. Kuna UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kuna malengo ya maendeleo endelevu yenyewe ambayo jina lake lina neno hilo hilo, kuna "developing countries". Ukiagiza kompyuta ikate maneno yabaki mizizi ndo kabisa, vyote vinaangukia kwenye mzizi mmoja.

Mfano mwingine ni mbaya zaidi. Kawaida kabla ya kuhesabu watu wanabadilisha herufi kubwa zote kuwa ndogo na kukata viambishi vya mwisho. AIDS, yaani ukimwi, inakuwa "aids", ikikatwa inakuwa "aid", yaani msaada! Basi hotuba ya miaka ya 2000 ambayo kiongozi wa Kiafrika anaongelea ukimwi kwa uchungu inahesabika kama hotuba ya kuomba misaada. Fikiria mtu anachora grafu ya "utegemezi wa misaada Afrika" kutokana na hiyo, na inachapishwa. Kwa hiyo maneno kama haya yageuze kwanza, AIDS iwe "ukimwi_ugonjwa" au chochote unachotaka, kisha ndo upunguze herufi.

Na kuna mtego wa wakati. Malengo ya milenia yametoka kwenye azimio la 2000, malengo endelevu 17 yamepitishwa 2015. Ukitengeneza orodha yako kutoka kwenye malengo hayo 17 ukaipeleka mpaka 1975 utaona nchi maskini zilikuwa kimya kuhusu maendeleo, wakati mwaka 1974 ndo Baraza Kuu lilipitisha tamko la utaratibu mpya wa uchumi wa kimataifa na nchi hizo zilikuwa zinapiga kelele kwelikweli, ila kwa msamiati mwingine: bei za mazao, masharti ya biashara, mamlaka juu ya rasilimali. Miaka ya 1980 deni likatawala. Kwenye hotuba za Afrika za enzi hizo ukombozi wa kusini mwa bara na uchumi vilishikana, kuvitenga kwa orodha ya leo ni kuwavisha wazee wetu nguo isiyo yao. Majina nayo yanabadilika, Kongo ilikuwa Zaire kuanzia 1971 mpaka 1997, Sudan Kusini haina hotuba kabla ya 2011, na ukirudi nyuma ya 1964 utakutana na Tanganyika.

Kwa Kiswahili kuhesabu kunataka ujanja wa ziada kwa sababu neno letu limebeba viambishi mbele na nyuma. Ukitafuta "maendeleo" unakosa "kuendeleza" na "tutaendeleza". Ukiweka nyota pande zote, *endele*, AntConc inakuletea zote pamoja na "inaendelea", ambayo mara nyingi ni kazi inaendelea tu, haina uhusiano na uchumi. Lazima ukae upepete kwa mkono.

Uthibitisho wake ni rahisi na sioni sababu ya mtu kuukwepa: fungua ile orodha inayoonyesha kila neno na majirani zake kushoto na kulia, soma mistari 50 au 100 kwa kila neno lako muhimu, andika ngapi ni za kweli na ngapi ni za bahati mbaya. Na usitoe hesabu tupu, gawanya kwa urefu wa hotuba, mara ngapi kwa kila maneno 1,000, maana kuna anayeongea kurasa nne na kuna anayeongea kumi.

Inamfaa nani? Mwandishi wa habari, ofisa wa shirika anayehitaji picha ya haraka, mwanafunzi ambaye hajui kuandika programu ila ana hotuba nyingi, na yeyote mwenye neno au jambo moja mahususi analolifuatilia.

Njia ya tatu: modeli ya mada

Hii ndiyo inayowapa watu hofu. Humpi kompyuta orodha yoyote. Unaipa hotuba zote, inaangalia maneno gani yanapenda kukaa pamoja, inakurudishia mafungu. Ni kama umpe mtu pale soko la Kilombero gunia lenye maharage, mbaazi na choroko vimechanganyika, hajui jina la hata moja ila anazitenga zinazofanana, na ni wewe unayekuja kusema hii ni mbaazi. Modeli ya mada inayojulikana sana inaitwa LDA, ilitolewa 2003 na Blei, Ng na Jordan. Kwa wanasayansi ya jamii wengi wanatumia ndugu yake ambayo kwenye R inaitwa stm, kwa sababu inakubali taarifa za mzungumzaji: mwaka, kanda, kipato cha nchi. Wale watafiti niliowataja mwanzo walifanya hivyohivyo kwenye hotuba za 1970 mpaka 2016 kutazama nini kinasukuma ajenda ya maendeleo, wakiingiza mambo kama utajiri wa nchi, idadi ya watu, misaada inayopokea, demokrasia na vita.

Swali inalojibu ni "kuna mada gani humu na nani anazisukuma". Yaani pale ambapo hujui uangalie nini, au hutaki mawazo yako ya leo yaamue nini kihesabiwe. Ule mtego wa 1975 hapa unapungua kwa sababu masharti ya biashara na bei za mazao zitajitokeza zenyewe kama fungu. Wingi, inataka mwingi. Hotuba 72 ni chache, mia kadhaa ndo inaanza kupata maana, maelfu ndo inang'aa. Ukiwa na chache zikate ziwe aya, na hata ukiwa na nyingi mimi ningezikata, kwa sababu hotuba moja ya mjadala mkuu inaanza na pongezi kwa rais wa kikao, inaenda kwenye amani, inaenda tabianchi, inamalizia na mageuzi ya Baraza la Usalama, ni mada nne ndani ya faili moja.

Vifaa: R ni bure, laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha, bando linahitajika siku ya kushusha data na vifurushi vya R, baada ya hapo unafanya kazi hata ukiwa Marangu bila mtandao. Gharama halisi ni muda wa kujifunza. Kama hujawahi kugusa R jipe miezi, usijidanganye na wiki. Dada mmoja wa Moshi anayeandika tasnifu ya uzamili aliniandikia, "Shikamoo kaka, supavaiza anataka modeli ya mada na nakabidhi mwezi ujao." Nikamwambia marahaba mdogo wangu, una nchi ngapi? Akasema mbili, Tanzania na Rwanda, tangu 2000. Hizo ni hotuba kama hamsini! Nikamshauri akamwonyeshe supavaiza hesabu hiyo, amweleze kwa heshima kwamba kwa wingi huo kusoma na kuweka alama kutampa zaidi, na modeli aiweke kwenye mapendekezo ya utafiti ujao.

Lugha: kwa hotuba za New York hakuna shida kubwa, mkusanyiko wote uko kwa Kiingereza. Lakini kumbuka Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi, aliyeongea Kifaransa au Kiarabu unamsoma kwa kalamu ya mfasiri, kwa hiyo usijenge hoja nzito juu ya chaguo la neno moja la rais wa Senegal. Mafungu makubwa ya mada yanavumilia tafsiri, hoja za neno moja hazivumilii. Kwa Kiswahili modeli inasumbuka na viambishi vyetu vilevile nilivyosema, inaweza kufanya kazi ila maandalizi ni mazito.

Inadanganya wapi? Kwanza idadi ya mada unaichagua wewe. Ukisema 10 unapata maendeleo yote kwenye fungu moja, ukisema 60 yanasambaratika vipande. Kuna vipimo vya kusaidia kuchagua, kama maneno ya fungu yanashikana vizuri na kama fungu lina maneno yake lenyewe, lakini mwisho wa siku ni uamuzi wako na inabidi uutetee. Pili inaanza kwa kubahatisha, ukiiendesha tena mafungu yanaweza kuhama kidogo, kwa hiyo weka namba ya kuanzia uiandike kwenye kazi yako. Tatu, na hili ndilo kubwa, jina la mada unaweka wewe. Unaona maneno ya maji, ardhi, jangwa, ukame, chakula. Je ni kilimo? Ni tabianchi? Ni njaa? Ukilipa jina la tabianchi grafu yako itasema Afrika ililia tabianchi mwaka 1984, wakati inawezekana walikuwa wanaongelea ukame na njaa ya mwaka ule. Dawa ni kufungua aya 20 ambazo modeli inasema zina mada hiyo kwa wingi na kuzisoma zote kabla hujalipa jina, kisha mpe mwenzako maneno yale bila jina uone atasemaje.

Inamfaa nani? Mwanafunzi wa uzamivu, timu yenye mtu wa takwimu, watu wa vyuo vya teknolojia kama wale wa Tengeru wanaotaka kushirikiana na mtu wa sayansi ya siasa, na yeyote anayelinganisha nchi nyingi kwa miaka mingi.

Na akili bandia je?

Najua mtauliza kwa hiyo niiseme hapa. Ile ya kuongea nayo, unaipa aya inakuambia ni deni au ni tabianchi. Mimi naiweka chini ya njia ya kwanza kwa sababu kazi ni ileile, kusoma na kuweka alama, ila msomaji ni mashine. Inaenda mbali kwa wingi, inajitahidi kwenye Kiswahili, haihitaji R. Gharama ni mtandao wakati wote na malipo kama hotuba ni nyingi. Udhaifu ni kwamba inaweza kukutungia nukuu ambayo kiongozi hakuisema, na toleo linabadilika, ukirudia mwakani unaweza kupata alama tofauti. Kwa hiyo kwanza weka alama mwenyewe kwenye sehemu ya aya zako, ziwe mia kadhaa, linganisha na zake kwa alfa ileile, andika toleo na maelekezo uliyoipa neno kwa neno, na nukuu yoyote ihakikishe kwenye faili asili. Ukiruka hapo hiyo kazi haitetezeki.

Kipo kitu kimoja ambacho njia zote zinashindwa sawasawa. Hotuba inakuambia nchi imechagua kusema nini mbele ya dunia. Haikuambii imetenga fedha kiasi gani. Mtu wa Ngarenaro anayesubiri maji hajali rais alitaja maji mara ngapi New York. Ukitaka kusema "kipaumbele" kwa uzito wake wote, iweke hotuba mezani pamoja na bajeti, uone zinapokutana na zinapoachana, na hapo ndipo mara nyingi pana tasnifu nzuri kuliko hotuba peke yake. Angalia pia nani aliongea, rais, waziri au balozi, maana uzito unatofautiana na mkusanyiko ule una jedwali la wazungumzaji.

Sasa uchague vipi

Una nchi moja mpaka tatu na muda usiozidi mwaka: soma mwenyewe uweke alama. Usione aibu kwamba haina kompyuta nyingi, kama daftari lako la alama na alfa vimekaa sawa msahihishaji hana pa kukushika.

Una jambo moja tu, mfano deni au bahari, na unataka kujua limepanda au limeshuka kwa nchi zote za Afrika Mashariki: hesabu maneno, safisha zile AIDS na SADC, soma majirani wa maneno, umemaliza. Ukiwa na wiki moja tu ya ripoti hii ndiyo ya kwako, ila andika wazi kwamba ni picha ya juu.

Unalinganisha Afrika nzima, au nchi za visiwa na zisizo na bahari, kwa miongo, na una mtu wa R au uko tayari kuwa yeye: modeli ya mada, halafu chagua hotuba chache zenye mada nzito uzisome kwa jicho ili mafungu yawe na nyama.

Hotuba zako ni za Kiswahili, za Dodoma au za viongozi kwenye mikutano ya hapa: kwa sasa anza na kusoma, ongeza kuhesabu kwa mizizi uliyoichuja, modeli iache mpaka umepata mtu anayejua kuandaa maandishi ya Kiswahili.

Hujui kabisa swali lako ni lipi: chukua hotuba za Tanzania za 1975, 1985, 1995, 2005 na 2015, ziko tano tu, zisome wikiendi hii mwanzo mpaka mwisho bila programu yoyote. Kama kinachokushika ni jinsi wanavyosema, rudi njia ya kwanza. Kama ni neno fulani linalopotea na kurudi, njia ya pili. Kama ni hamu ya kujua kama wengine nao walikuwa wanasema hivyohivyo, basi anza kushusha R.